Mjamzito anatumia haloperidoli, Largactil, olanzapini au sindano ya Modecate: kipi kiendelee, kipi kibadilishwe, na wapi tunakosea

Mfamasia wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu ni kwa walioko zahanati, vituo vya afya, kliniki za wajawazito na madirisha ya dawa. Swali ni lile lile kila wiki: mama yuko kwenye dawa za saikosisi (ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo), kipimo cha mkojo kimeonyesha mimba, afanyeje? Jibu analopewa mara nyingi ni "acha kwanza mpaka ujifungue". Napinga jibu hilo, na hapa chini naeleza kwa nini. Majina ya dawa nayaandika tunavyoyatamka, kwenye boksi utayakuta kwa Kiingereza. Largactil ni klopromazini, Modecate ni flufenazini ya sindano ya mafuta, zote za saikosisi.

Tuanze na hofu yenyewe, yaani mtoto kuzaliwa na kasoro. Kati ya watoto 100 wa mama ambao hawakumeza dawa yoyote, 2 au 3 huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile. Hiyo ndiyo sakafu, haishuki chini ya hapo. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa mimba zaidi ya milioni 1.3. Ndani yake kulikuwa na akina mama zaidi ya 9,000 waliotumia dawa mpya za saikosisi miezi mitatu ya mwanzo, na zaidi ya 700 waliotumia za zamani, kundi la haloperidoli. Hesabu ghafi: kasoro 32.7 kwa kila watoto 1,000 wa wasiotumia, 44.5 kwa dawa mpya, 38.2 kwa za zamani. Ukiishia hapo utaogopa. Lakini walio kwenye dawa hizi wana mambo mengine pia: uzito mkubwa, kisukari, sigara, dawa nyingine pembeni. Hayo yalipowekwa kwenye hesabu, tofauti ikayeyuka. Risperidoni peke yake ndiyo iliyobakiwa na ongezeko dogo la kama mara 1.26, na watafiti wenyewe wakataka lithibitishwe kwanza.

Upande wa pili wa mizani ndio tunaousahau. Kwa wagonjwa wa baipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), utafiti wa 2007 wa Marekani ulionyesha kwamba walioacha dawa zao za kutuliza hisia walirudiwa na ugonjwa wakati wa mimba kwa asilimia 85.5, walioendelea ni asilimia 37. Na mama aliyerudiwa halali, hali, haji kliniki, hamezi FEFO (vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi), hapati SP (dawa ya kukinga malaria), anatoka nyumbani usiku wa manane na tumbo lake. Mwisho analetwa amefungwa kamba na kuchomwa dozi kubwa kuliko ile ndogo aliyoambiwa aache. Kwa hiyo mtoto tuliyedhani tunamkinga na dawa anaishia kupata nyingi zaidi.

Msimamo wangu basi: dawa iliyomtuliza mama ndiyo ya kubaki nayo. Iwe moja kama inawezekana, kwa kiwango cha chini kinachotosha. Neno "kinachotosha" lina uzito sawa na "cha chini". Kupunguza dozi mpaka mama anaanza kusikia sauti tena hakumsaidii mtu.

Na msibadilishe dawa kwa sababu tu mmesoma kwamba nyingine ni "salama zaidi". Ukimtoa kwenye olanzapini wiki ya 10 ukamweka kwenye haloperidoli, mtoto amekutana na dawa mbili badala ya moja, na hujui kama hiyo ya pili itamshika mama. Tena wiki ya 10 umeshachelewa kwa lile unalolikimbia. Mrija unaokuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga siku ya 28 hivi baada ya mimba kutungwa, yaani kama wiki ya 6 ukihesabu kutoka hedhi ya mwisho. Wengi wakati huo hata hawajajua wana mimba.

Karibuni mkosoe.

---

Tabibu Kijijini

Nimekusoma mkuu. Swali: hiyo kanuni ya "iliyomtuliza ndiyo ya kubaki nayo" ni kwa kila kidonge anachotoka nacho kliniki ya akili? Maana wengi wanakuja na mfuko wa dawa tatu: haloperidoli, Artane (ya kulegeza mkakamao unaoletwa na haloperidoli) na valproeti (ya kifafa na baipola).

---

Mfamasia wa Zamu

Hapana, na ahsante kwa kuuliza kabla mtu hajanielewa vibaya. Valproeti si dawa ya saikosisi, ila inasafiri nayo kwenye mfuko mmoja, hasa kwa wenye baipola. Hiyo ndiyo ya kuogopwa. Kasoro za maumbile zinafika kama mtoto 1 kati ya 10: mgongo wazi, kasoro za moyo, mdomo sungura. Na wanaozaliwa wakiwa wazima kwa macho, 3 hadi 4 kati ya 10 wanakuja kuwa na shida ya ukuaji wa akili, kuchelewa kuongea, ugumu wa kujifunza. Shirika la Afya Duniani linasema isitumike kwa wanawake wenye uwezo wa kupata mimba. Kinachoniudhi ni kwamba tunamwachisha mama haloperidoli kwa hofu halafu valproeti inabaki kwenye mfuko kwa sababu "hiyo ni ya kifafa tu".

Ukimkuta mjamzito kwenye valproeti, usimwambie aitupe leo jioni, hasa kama ana kifafa, atapata degedege mfululizo. Mpe rufaa ya wiki hii hii, si ya mwezi ujao. Kwa mwenye baipola, mara nyingi inaondolewa na dawa ya saikosisi inachukua nafasi yake: olanzapini, kwetiapini au hata haloperidoli.

Kabamazepini, nayo ya kifafa na baipola, ni ya kati. Mgongo wazi unafika kama 0.5 hadi 1 kwa kila watoto 100, chini sana ya valproeti lakini juu ya kawaida. Lithiamu, ya baipola, inagusa moyo wa mtoto, na dozi ndiyo inayoamua: chini ya miligramu 600 kwa siku ongezeko ni dogo, juu ya 900 hatari inakaribia mara tatu ya kawaida.

---

Nesi Sindano

Naongezea kuhusu Artane. Hii mjamzito asipewe kwa mazoea. Inatolewa kwa sababu haloperidoli inamkakamaza, sasa kabla ya kuongeza kidonge cha pili cha kutibu madhara ya kidonge cha kwanza, punguza kile cha kwanza. Aliye kwenye haloperidoli miligramu 5 asubuhi na 5 jioni, akiwa ametulia miezi sita, mara nyingi anaweza kushushwa polepole, hatua moja kila wiki mbili hivi, huku ndugu wakiangalia usingizi wake. Usingizi ndio unaotoa habari mapema kuliko sauti. Artane ibaki kwa dharura, siku chache.

Kuna na choo. Artane inafunga, Largactil inafunga, FEFO inafunga, na mimba yenyewe inalegeza utumbo. Mama akikaa siku nne bila choo anaacha kimojawapo, na anachokiacha ni FEFO, kwa sababu ndicho kinachofanya choo kiwe cheusi. Muulize choo kila hudhurio. Maji, papai, mboga za majani, na lakitulosi ikibidi.

Sasa Modecate. Ampuli ina miligramu 25 kwa mililita moja ya mafuta, na wengi wanachomwa kila wiki nne. Sheria ni mbili, na watu wanazichanganya:

Asiyekuwa kwenye sindano ya mafuta asianzishiwe akiwa mjamzito. Ukishaichoma huwezi kuirudisha, likitokea tatizo utalisubiri wiki kadhaa liishe.

Aliyekuwa kwenye sindano, imemshika vizuri, na historia yake inaonyesha vidonge hamezi, aendelee. Miongozo ya Uingereza inakubali hilo waziwazi.

Kosa ninaloliona kwenye kadi: sindano ya mwezi wa tisa inarukwa "ili mtoto azaliwe msafi". Hazaliwi msafi, dawa ya mwezi wa nane bado imo kwenye damu. Unachopata ni mama anayeingia kwenye siku 14 za mwanzo baada ya kujifungua, siku za hatari kuliko zote, dawa ikiwa inashuka.

Jambo dogo la lugha, lakini limeshaleta fujo: ukimuuliza mama "unachoma sindano?" atajibu ndiyo, na nesi wa uzazi wa mpango atadhani ni ile ya miezi mitatu. Uliza jina, au omba kadi.

---

Mkunga Mwandamizi

Niseme ya kwenye chumba cha hudhurio, maana huko ndiko mama anakofikia kwanza.

Hudhurio la kwanza: andika kwenye kadi ya kliniki jina la dawa, kiwango, mara ngapi, tangu lini, na nani anayemwandikia. Si "dawa za akili" basi. Mama akija na uchungu saa nane usiku, aliyeko zamu anahitaji kujua ni olanzapini miligramu 10 usiku, si hadithi. Andika pia ugonjwa wake unaanzaje: anaanza kwa kukosa usingizi? kuongea sana? kujifungia? Ndugu anajua, muulize mbele ya mama na kwa ruhusa yake. Na namba ya mtu mmoja wa kupigiwa.

Presha, uzito, wingi wa damu, mkojo kama kawaida. Kipimo cha picha cha kuangalia maumbile kati ya wiki ya 18 na 22 kama kinapatikana.

Lakini nililotaka kulisisitiza ni hili. Mjamzito mwenye kadi ya kliniki ya akili akianza kuchanganyikiwa, kila mtu anasema "amerudiwa". Simama. Pima presha. Pima protini kwenye mkojo. Pima sukari. Fanya kipimo cha haraka cha malaria. Pima joto. Kifafa cha mimba kinaweza kuanza kwa kuweweseka, malaria kali inaweza, sukari iliyoshuka inaweza, maambukizi baada ya kujifungua yanaweza. Vipimo hivyo vitano havichukui dakika 20 na vyote vipo kituo cha afya. Aliyebandikwa jina la ugonjwa wa akili anakufa kwa presha huku wodi nzima ikitafuta ampuli ya haloperidoli.

---

Pwani254

Huku Kenya nasi tuko na shida hiyo hiyo, na kinyume chake pia ipo. Mama yuko kwenye haloperidoli, ana kichefuchefu cha mimba changa, anapewa Plasil (metoklopramidi, ya kuzuia kutapika). Plasil inaziba dopamini, kemikali ya ubongo, kama haloperidoli inavyoziba. Mbili zikikutana, baada ya saa chache shingo inapinda upande, macho yanapanda juu, taya inakaza, ulimi unatoka. Nyumbani wanasema ni pepo. Hospitali wanasema ni kifafa cha mimba na kumwekea magnesiamu.

Tofauti ni rahisi ukitulia. Huyu wa dawa ana fahamu zake, anakusikia, anaogopa, anajaribu kukujibu kwa meno yaliyokaza. Presha iko sawa, mkojo hauna protini, pengine ana wiki 9 tu, na kifafa cha mimba kwa kawaida hakiji kabla ya wiki ya 20. Prometazini miligramu 25 hadi 50 kwenye msuli, na ndani ya nusu saa hivi shingo inalegea. Kisha Plasil isimamishwe na iandikwe kwenye kijitabu cha mama na mtoto kwamba asipewe tena. Kichefuchefu chenyewe kitibiwe kwa prometazini ya vidonge, hiyo hiyo, au piridoksini.

La malaria. Dawa ya mseto, ALU, inaweza kurefusha mpigo wa umeme wa moyo, haloperidoli na Largactil pia. Wengine wakisikia hivyo wanamnyima mama ALU. Usifanye hivyo! Malaria kwa mjamzito inaua yeye na mtoto. Mpe ALU dozi kamili (tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limeikubali hata miezi mitatu ya mwanzo), ila usirundike juu yake siprofloksasini, eritromaisini au ondansetroni, na kama ametapika sana rudisha maji na potasiamu kwanza. Mwenye ugonjwa wa moyo, au aliyewahi kuzimia bila sababu, huyo apimwe umeme wa moyo. Malaria kali ni atesunati ya mshipa, haina shida hiyo kama kwinini.

---

Tabibu Kijijini

Hapo kwa foliki asidi mnisaidie. Kuna wanaowapa wote wenye dawa za akili miligramu 5 kila siku mimba nzima. Wengine wanasema inaharibu SP.

---

Mfamasia wa Zamu

Wanaosema inaharibu SP wako sahihi. SP inamuua mdudu wa malaria kwa kumnyima foleti. Ukimmiminia mama miligramu 5 kila siku unamlisha mdudu kile SP inachomnyima. Miligramu 0.4 haina shida, 5 ndiyo tatizo.

Mama wa olanzapini, haloperidoli, risperidoni au Modecate bila dawa ya kifafa hahitaji 5 kwa sababu ya dawa hizo. Anahitaji 0.4 kama mjamzito mwingine. Wa 5 ni yule wa kabamazepini au valproeti, mwenye kisukari, aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi, na mnene sana. Na huyo anaimeza kabla ya mimba mpaka wiki ya 12. SP inaanza wiki ya 13, kwa hiyo ukifuata kalenda hazikutani kabisa. Wiki ya 13 mrudishe kwenye dozi ndogo, mpe SP, na kila dozi ya SP ipishane na nyingine mwezi mmoja au zaidi, angalau tatu. Anayemeza kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU hapewi SP.

Na kwa kuwa tumegusa VVU: kabamazepini inashusha dolutegraviri (dawa ya VVU) kwenye damu. Kama haiwezi kuondolewa, dolutegraviri inakuwa miligramu 50 mara mbili kwa siku. Hili linapita madirisha mengi bila kuonekana, kwa sababu dawa mbili zinachukuliwa kliniki mbili.

---

Nesi Sindano

Kisukari cha mimba hakijaguswa. Olanzapini na klozapini zinaongeza hamu ya kula na uzito kuliko zote, kwetiapini inafuata. Utafiti wa 2018 ulilinganisha walioendelea na walioacha: olanzapini ilipandisha hatari ya kisukari cha mimba kama mara 1.6, kwetiapini kama mara 1.3. Hiyo si sababu ya kuacha, ni sababu ya kupima.

Mpime sukari ya kabla ya kula hudhurio la kwanza, kisha kipimo cha glukosi gramu 75 kati ya wiki ya 24 na 28. Mipaka (mmol/L): kabla ya kula 5.1, saa moja baada 10.0, saa mbili baada 8.5, ukifikia mmoja tu ni kisukari cha mimba. Kabla ya kula ikiwa 7.0 au zaidi, hicho ni kisukari kamili. Mahali ambapo glukosi ya unga haipo, pima angalau ya kabla ya kula, tena wiki ya 28.

Ushauri wa chakula uwe wa vitu anavyokula kweli. Njaa ya olanzapini inakuja usiku, saa mbili baada ya kidonge. Ukimwambia "punguza wanga" hujasema kitu. Mwambie uji wa usiku usiwe na sukari, soda isilale nyumbani, na kwenye sahani ya ugali mboga ichukue nusu.

---

Daktari Rufaa

Mada imeenda vizuri. Nina mambo mawili, moja la kubishana.

La kubishana: "kiwango cha chini" kinatajwa kama jambo linalopangwa mara moja. Mimba inabadilisha ini. Vimeng'enya vinavyosaga kwetiapini na aripiprazoli vinachangamka kadiri mimba inavyokua. Vipimo vya damu vya Norway vilivyochapishwa 2018 vilionyesha kwetiapini ikishuka kwa asilimia 76 na aripiprazoli asilimia 52 miezi mitatu ya mwisho, dozi ikiwa ile ile. Olanzapini haikushuka hivyo. Kwa hiyo mama wa kwetiapini aliyekuwa salama wiki ya 12 akianza kukesha wiki ya 30, usikimbilie kudhani hamezi dawa. Hesabu vidonge, na kama vimekwisha sawasawa, dozi inahitaji kupanda. Baada ya kujifungua ini linarudi kama lilivyokuwa, na hapo kiwango cha damu kitapanda, tena wakati mama ana kichanga. Andika tarehe ya kuipitia upya.

La pili ni mama aliyechafukwa kabisa, anapiga, hawezi kusubiri. Haloperidoli miligramu 5 na prometazini 25 hadi 50 kwenye msuli zinatosha kuanzia. Watu wasimkalie tumbo, wasimkandamize kifudifudi. Kuanzia wiki ya 20 asilazwe chali, alale upande wa kushoto, la sivyo mfuko wa uzazi unakandamiza mshipa mkubwa wa damu na presha inaanguka. Asifungiwe peke yake chumbani. Presha na upumuaji kila dakika 15 saa ya kwanza, na mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe akishatulia. Dayazepamu karibu na uchungu inamlegeza mtoto, itumike ikiwa hakuna namna.

Homa, mwili kukakamaa kama ubao, jasho, fahamu kupotea baada ya siku chache za dawa: simamisha dawa zote za saikosisi, rufaa ya haraka. Malaria ipimwe, lakini malaria haikakamazi mwili namna hiyo.

Kwenye upasuaji mwambieni mtaalamu wa usingizi kama mama yuko kwenye Largactil. Inashusha presha, na ganzi ya mgongoni inashusha nyingine juu yake.

---

Wodi ya Vichanga

Nimeusubiri upande wa mtoto ufike.

Februari 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza onyo kwenye dawa zote za kundi hili: mtoto aliyekutana nazo miezi mitatu ya mwisho anaweza kuzaliwa na kukakamaa au kulegea, kutetemeka, kulia sana au kulala sana, kupumua kwa shida, kushindwa kunyonya. Wengi hawapati chochote. Wanaopata, wengi wao hupona siku chache bila dawa yoyote.

Kinachotakiwa ni macho kwa saa 48 hadi 72. Hapa ndipo mfumo wetu unapobana, mama anaruhusiwa saa 24 kwa sababu kitanda kinahitajika. Aliye kwenye dawa hizi ahesabiwe kama mwenye sababu ya kubaki. Fomu ya kuangalia kila saa tatu hadi nne: amenyonya dakika ngapi, anapumua mara ngapi kwa dakika (60 au zaidi si sawa), joto (36.5 hadi 37.5), misuli imekaza au imelegea, anatetemeka akiguswa.

Mtego uko hapa: mtoto asiyenyonya na aliyelegea anaweza kuwa na athari ya dawa, lakini pia anaweza kuwa na sukari chini, baridi, au maambukizi ya damu. Ukishaandika "ni dawa za mama" umefunga macho. Sukari kwanza, na ikiwa chini ya 2.6 itibiwe. Joto, ngozi kwa ngozi. Kama huwezi kuondoa maambukizi, anza antibayotiki. Lawama zije mwisho, baada ya hayo kuondolewa.

Mtoto wa mama wa Modecate, dalili zinaweza kuchelewa, kwa hiyo atazamwe tena ndani ya wiki ya kwanza na bibi aambiwe dalili kwa lugha yake: "akiwa mgumu kama kuni au laini kama kitambaa, mlete". Na msimpe mtoto Artane ya mama. Imeshawahi kufikiriwa na mtu, ndiyo maana naandika.

---

Pwani254

Kunyonyesha je? Wengi wanaambiwa wachague moja, dawa ama ziwa.

---

Wodi ya Vichanga

Kwa karibu dawa zote tulizotaja hachagui, anafanya vyote viwili. Kipimo kinachotumika ni dozi anayopata mtoto kwa uzito wake ikilinganishwa na ya mama, na chini ya asilimia 10 kwa kawaida inakubalika. Olanzapini iko kama 1 hadi 2, kwetiapini chini ya 1, risperidoni kama 4. Haloperidoli na Largactil za kiwango cha kawaida zinavumilika, mtoto aangaliwe usingizi. Shida inakuja zikiwa tatu kwa pamoja, au mtoto akiwa njiti. Aripiprazoli inaweza kukausha maziwa, kwa sababu inashusha prolaktini (homoni ya maziwa), basi uzito wa mtoto upimwe mapema.

Klozapini ndiyo ninayoikataa ziwani. Inaingia kwenye maziwa na inaweza kushusha chembe nyeupe za mtoto.

Na hili halimo kwenye karatasi ya dawa: mama aliyemeza olanzapini saa tatu usiku analala usingizi mzito, na huku kwetu mtoto analala naye kitanda kimoja. Mtoto alale na bibi au shangazi, aletwe kunyonya, mtu mzima mwingine akiwa macho, kisha arudishwe. Kidonge kimezwe mara tu baada ya kumnyonyesha kabla ya kulala, na maziwa yaliyokamuliwa mchana yatumike zamu moja ya usiku, mama apate saa tano au sita mfululizo.

---

Mkunga Mwandamizi

Hizo saa tano ni dawa kamili. Saikosisi ya baada ya kujifungua inawapata 1 hadi 2 kwa kila wazazi 1,000, lakini kwa mwenye baipola ni kama 1 kati ya 5, na aliyewahi kuipata ni kama nusu. Nyingi zinaanza ndani ya wiki mbili za mwanzo, tena ghafla: asubuhi yuko sawa, jioni anasema mtoto amebadilishwa. Kwa hiyo tarehe za kumwona zisiwe zile za kawaida tu. Siku ya 3, ya 7, ya 14, hata kwa simu, na swali la kwanza ni "jana usiku ulilala saa ngapi?" Jibu likiwa "sikulala, na sikusikia uchovu", aje leo hii.

---

Nesi Sindano

Kabla uzi haujafungwa, uzazi wa mpango. Kabamazepini inadhoofisha vidonge na kijiti, akitaka kinga apewe kitanzi au sindano ya miezi mitatu. Na risperidoni, haloperidoli na Largactil zinapandisha prolaktini, hedhi inapotea, mama anaamini hawezi kushika mimba. Siku unapomhamishia olanzapini, kwetiapini au aripiprazoli, hedhi na uwezo wa kushika mimba vinarudi, wakati mwingine mimba inatangulia hata hedhi. Mazungumzo ya uzazi wa mpango yafanyike siku hiyo hiyo ya kubadilisha dawa. Ndiyo siku pia ya kumwondoa kwenye valproeti.

---

Tabibu Kijijini

Moja la mwisho. Mama wa klozapini, wiki ya 16, kituo hakina mtaalamu. Aendelee?

---

Daktari Rufaa

Aendelee, lakini si kwenu peke yenu. Klozapini hupewa mtu ambaye nyingine zilishindwa, ukimtoa utampoteza. Hesabu ya chembe nyeupe za damu iendelee kwa ratiba yake bila kuruka, sukari kama ya olanzapini, choo kila hudhurio kwa sababu klozapini inaweza kufunga utumbo kabisa. Kiwango chake kwenye damu kinaweza kupanda mimba ikikua, na kinapanda pia akiacha sigara, kwa hiyo akianza kusinzia mchana au kutokwa mate sana piga simu kabla ya dozi inayofuata. Akikosa dawa zaidi ya saa 48 asirudishwe kwenye dozi yake kamili, aanze upya na miligramu 12.5. Ajifungulie hospitali ya rufaa, na mtoto apimwe chembe nyeupe akizaliwa, kisha kila wiki kwa miezi sita.